"Nani mwingine ameuona mguu wangu?"

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi, nina miaka minne kazini. Nakuandikia nikiwa nimetoka zamu ya usiku, kwa sababu siku ya tatu sasa nalala kwa muda wa saa moja tu, nashtuka, usingizi hauji tena.

Wiki iliyopita tulimpokea mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu. Ana kisukari. Kidole gumba kilikuwa kimeshabadilika rangi, na kwenye unyayo kuna shimo ambalo ukilisafisha leo, kesho unakuta usaha tena. Usiku ule wodi nzima nilikuwa mimi na msaidizi mmoja, daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji, na sikuwa na uhakika kama dawa tuliyokuwa tunasafishia inakifaa kidonda kile au inazidi kukiharibu. Nikapiga picha kwa simu yangu. Nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja uuguzi, tupo zaidi ya 200, nikaandika: "Jamani, mzee wa kitanda cha 6, kisukari miaka 12, kaficha kidonda mpaka kimefika hapa. Ninyi mngesafishia nini?"

Jina sikuandika. Uso hauonekani. Nilipata majibu mawili ya maana, asubuhi nikamweleza daktari naye akayakubali. Wapo pia walioandika vichekesho kuhusu mzee aliyesahau kuwa ana mguu. Niliviona, nikanyamaza, nikaendelea na kazi.

Kumbe mmoja wetu alichukua picha na maneno yangu akayapeleka kundi jingine ili kuwaonya watu wapime sukari. Kutoka hapo ikasambaa. Siku ya nne mpwa wake mzee akaikuta kwenye simu yake. Hakuutambua mguu, alitambua blanketi. Pembeni ya picha linaonekana blanketi la kufuma kwa mkono, la bluu lenye ukingo wa njano, ambalo mama yake mwenyewe alimfumia kaka yake.

Mama, watoto wa mzee hawakujua kwamba baba yao ana kisukari. Aliwaambia amejikwaa. Sasa wanajua wote, na nasikia wanagombana, nani alikuwa anajua na nani alifichwa.

Juzi nilipokuwa nambadilishia bandeji aliniuliza kwa sauti ya chini, maana kitanda cha jirani kilikuwa na wageni: "Binti yangu, ukiacha wewe na daktari, nani mwingine ameuona mguu wangu?" Nikamjibu, "Hakuna, mzee." Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Nikamaliza kufunga, nikaondoka.

Picha nimeshaifuta kwenye simu. Rafiki yangu hapa wodini anasema funika kombe mwanaharamu apite, hakuna jina, hakuna uso, hakuna wa kunishtaki. Mwingine anasema nikimwambia mkuu wa wodi nimejifukuzisha kazi mwenyewe. Mzee anaruhusiwa Jumanne. Je, kweli nimevunja siri, wakati nilikuwa natafuta msaada kwa ajili yake? Na kama nimevunja, nifanye nini kabla hajaondoka?

Nina swali jingine dogo. Mgonjwa mmoja aliyepona amenitumia ombi la urafiki Facebook. Nimkubalie?

Muuguzi asiyelala

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama pale pale: "Hakuna, mzee." Picha uliipiga katika haraka ya kazi, mikono imejaa na hakuna wa kumuuliza. Nimekuwa katika usiku wa namna hiyo kwa miaka zaidi ya 30 na sitajifanya siujui. Lakini jibu ulilompa mzee ulilitoa ukiwa unajua unachosema. Hilo ndilo linalokuamsha, na tutalirudia.

Kwanza swali lako. Ndiyo, umevunja siri. Kutafuta msaada hakukuwa kosa, na muuguzi anayekubali kwamba hajui ni bora mara kumi kuliko anayebahatisha juu ya mguu wa mtu. Kosa lipo kwa wale uliowauliza. Daktari, mkuu wako wa wodi, mtaalamu wa vidonda anayepigiwa simu usiku wa manane: hao wako ndani ya matibabu ya mzee, na mgonjwa anapoingia hospitali anajua watazungumza juu yake ili wamtibu. Watu 200 mliosoma pamoja hawamo. Wengine wameshaacha uuguzi, wengine simu zao zinachezewa na watoto nyumbani, na wewe mwenyewe huwezi kuwataja wote majina. Ungesimama mlangoni mwa wodi, ukawaita watu 200 na kuwafunulia shuka, mzee angepiga kelele. Kwenye simu hakupiga kwa sababu hakujua.

Sasa hili la jina na uso. Nalisikia kwa wauguzi, kwa madaktari wenye uzoefu, hata kwa wanafunzi wanaoingia wodini kwa mara ya kwanza, na naomba ulisikilize vizuri maana ndilo lililokudanganya.

Miaka ya tisini huko Marekani, tume iliyokuwa inasimamia bima ya afya ya watumishi wa jimbo la Massachusetts ilitoa kumbukumbu za matibabu kwa ajili ya watafiti. Majina yaliondolewa, na anwani pia. Gavana wa jimbo, William Weld, aliwahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta, Latanya Sweeney, akachukua orodha ya wapiga kura wa mji aliokuwa anaishi gavana akailinganisha na zile kumbukumbu. Watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa sawa na ya gavana. Kati yao wanaume walikuwa watatu. Kati ya hao watatu, mmoja tu alikuwa na msimbo wa posta wa gavana. Akawa ameyapata matibabu ya gavana mwenyewe katika kumbukumbu ambazo kila mtu aliapa hazina jina. Baadaye, mwaka 2000, alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 87 ya Wamarekani.

Hapo alihitaji orodha mbili na kompyuta. Mpwa wa mzee wako alihitaji ukingo wa njano. Anayemfahamu mgonjwa hamtafuti kwa jina. Anamjua kwa kovu, kwa pete, kwa namna kidole kilivyopinda, kwa siku aliyolazwa, kwa sauti inayosikika nyuma ya video. Na wewe uliongeza kitanda, umri wa ugonjwa, na neno "kaficha". Ukitaka kujua kama umemficha mtu, usijiulize kama mgeni atamtambua. Jiulize kama dada yake atamtambua.

Nilijifunza hilo kwa ubaya zaidi yako. Nikiwa na umri kama wako, hatukuwa na simu hizi. Siku moja nyumbani, tukiwa mezani, nilisimulia juu ya mama aliyejifungua mapacha, mmoja akafariki, na baba wa watoto hakukanyaga hospitali hata mara moja. Sikutaja jina. Nilisimulia kwa huruma, nilikuwa nimeumia kweli. Wifi yangu akaweka kijiko chini, akalitaja jina la yule mama. Walikuwa wanasali pamoja. Kufikia wiki iliyofuata waliokuwa hawajui kwamba mume amemkimbia walikuwa wamejua. Sikumwambia yule mama kwamba ni mimi. Nilijipa sababu hizo hizo anazokupa rafiki yako. Miaka mingi baadaye nilimwona barabarani akija upande wangu, na nikavuka kwenda upande wa pili. Mwanangu, mimi ni mzee sasa na barabara ile naikumbuka kuliko nyuso za wagonjwa wengi niliowaponya. Kwa hiyo nikikuambia usifunike kombe, sikuambii kutoka kwenye kitabu.

Ugonjwa wa mtu ni amana. Ameuweka kwako kwa sababu hana budi, maana bila kukuonyesha hutamtibu. Amana huikopeshi, hata kwa jambo jema kama kuwaonya watu wapime sukari. Na amana ikipotea mikononi mwako, wa kwanza kuambiwa ni mwenyewe. Mzee ndiye aliyepotelewa. Mpaka sasa wanajua watoto wake, mpwa wake, wenzako wa chuo, rafiki yako wa wodini, mimi, na wote watakaosoma safu hii (nimebadilisha mambo kadhaa katika barua yako ili asitambulike, na nilikuuliza kwanza). Hajui yeye tu. Hata sheria zimeliona hili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2018, taasisi ikigundua kwamba taarifa za watu zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, ina saa 72 kuijulisha mamlaka, na kama hatari ni kubwa lazima iwaambie wenye taarifa bila kuchelewa. Sheria za mahali ulipo wewe zina maneno yake na adhabu zake, na hospitali yako inazijua. Ninachotaka uone ni hiyo haraka. Jumanne ni karibu.

Leo, kabla ya zamu, nenda kwa mkuu wa wodi. Usimwandikie ujumbe, nenda ukakae mbele yake. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na vichekesho ulivyoviona ukanyamaza, pamoja na "Hakuna, mzee". Nenda na karatasi yenye siku na saa uliyotuma, maneno yenyewe neno kwa neno, jina la kundi, na yule aliyeisambaza kama unamjua. Uliifuta picha kwa hofu na nakuelewa, ila kufuta kimyakimya huonekana kama kuficha ushahidi, na tena hakukusaidii kitu. Ulichofuta ni nakala yako. Kama simu yako huhifadhi picha zako mtandaoni yenyewe, bado inaweza kuwa huko, na hata kwenye simu picha zilizofutwa hukaa wiki kadhaa kwenye pipa kabla ya kutoweka. Zile zilizoingia kwenye simu za wenzako ziko kwao. WhatsApp hukuruhusu kufuta ujumbe kwa wote kwa muda wa kama siku mbili tu, na hata ukiwahi, iliyokwisha kupelekwa kundi jingine haiguswi. Watu husema WhatsApp ni salama kwa sababu ujumbe umefungwa usisomwe njiani. Ni kweli, njiani. Akishaufungua mtu wa 143 kwenye kundi lenu, hakuna kufuli tena.

Mkishakubaliana na mkuu wako, andika kwenye kundi, kwa ufupi, kwamba picha ile haikupaswa kutumwa, kila mwenye nayo aifute, na aliyeisambaza aombe ifutwe alikoipeleka. Usieleze mzee amepatwa na nini baada ya hapo. Ungekuwa unamzungumzia tena.

Kuhusu kazi yako, sitakudanganya. Unaweza kupewa onyo, unaweza kusimamishwa, na baraza lililokusajili linaweza kuuliza maswali. Nimekaa kwenye vikao vya nidhamu na nilichoona ni kwamba muuguzi aliyekuja mwenyewe na karatasi yake mkononi, na yule aliyetafutwa mpaka akapatikana, hawakusikilizwa kwa sikio moja. Lakini hata ningejua utafukuzwa, bado ningekuambia nenda.

Kisha mzee. Mwombe mkuu wako mwende pamoja, saa isiyo na wageni, vuteni pazia au mtafute chumba. Kaa, usimsimamie mtu aliyelala. Anza na swali lake mwenyewe, kwa maneno kama haya: "Mzee, juzi uliniuliza nani mwingine ameuona mguu wako. Nilikujibu hakuna. Sikukuambia kweli. Niliupiga picha bila kukuomba, nikaituma kwa wauguzi wenzangu kuuliza dawa, na kutoka kwao ikasambaa mpaka ikafika kwa ndugu zako. Mimi ndiye niliyeitoa." Halafu nyamaza.

Hapo penye kunyamaza ndipo wengi tunapoharibu. Tunakimbilia kusema tulikuwa peke yetu usiku ule, kwamba tulitaka kumsaidia, tunalia, na mgonjwa anajikuta anambembeleza muuguzi. Usimbebeshe mzee kazi ya kukutuliza. Sema unasikitika, sema ni kosa lako, usimwombe akusamehe pale pale kitandani wakati wewe ndiye umeshika bandeji yake. Akitaka kusamehe atasema. Akikasirika, ana haki. Akikataa usimguse tena, mkuu wako ampangie mwingine, na usinung'unike. Akitaka kulalamika rasmi, mwonyesheni njia, msimkatishe tamaa kwa kona.

Muulizeni pia anataka nini kuhusu watoto wake. Mtu aliyeficha kisukari miaka 12 ana sababu zake, na sababu hizo hazikufutika kwa sababu picha imesambaa. Labda atapenda daktari akae nao amsaidie kueleza. Labda hataki mtu yeyote aseme neno. Binti yake akikusimamisha kwenye korido akakuuliza, "Baba amekuwa na sukari tangu lini?", jibu ni kwamba hayo ayaulize kwa baba. Wenzako watakuambia mbona wanajua tayari. Kujua kwao hakukukupa wewe ruhusa. Madaktari waliolipitisha Azimio la Geneva mwaka 1948 waliahidi kuheshimu siri walizokabidhiwa, na azimio hilo lilivyo leo linasema hivyo hata baada ya mgonjwa kufa. Kanuni za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953, nazo zinatutaka tutunze siri za mgonjwa na tuheshimu faragha yake. Kama kifo hakiifungui siri, umbea wa mtandaoni utaifunguaje?

Zipo nyakati siri hutoka bila mwenyewe kupenda, ugonjwa wa mlipuko unaotakiwa kuripotiwa, au mtoto anayeumizwa nyumbani. Kwako hakuna hata kimoja.

Utauliza, basi usiku mwingine kama ule nifanye nini? Kama hospitali ina njia yake ya kutuma picha kwa mtaalamu, tumia hiyo, kwa kifaa cha hospitali, na picha iingie kwenye jalada la mgonjwa, isibaki kwenye simu yako kati ya picha za mtoto wako. Kama haina, hilo mwambie mkuu wako katika kikao hicho hicho, maana wewe si wa kwanza kupiga picha kidonda usiku na hutakuwa wa mwisho, na hospitali inayomwacha muuguzi mmoja bila wa kumuuliza imechangia jambo hili. Mara nyingi picha haihitajiki kabisa. "Kidonda cha unyayo, kina usaha, kina kina cha sentimita mbili, pembeni pameanza kuwa peusi, tunasafishia dawa fulani" ungemwambia mtaalamu mmoja kwa simu, angekujibu vile vile.

Na ikilazimu picha, omba. Ila uombe ukijua kwamba ridhaa anayoombwa mtu na aliyeshika mkasi juu ya kidonda chake si huru sana. Anaogopa akikataa utamsafisha kwa hasira. Kwa hiyo weka mkasi chini, mwambie itaenda kwa nani na kwa kazi gani, mwambie akikataa matibabu yake hayabadiliki, na umpe muda. Ondoa blanketi, funika ubao wa kitanda, onyesha kidonda peke yake. Akisema hapana, ni hapana.

Wale wawili waliokujibu vizuri, washukuru. Waliocheka, sina la kuwaambia kupitia kwako, ila kundi lenye wauguzi 200 linalomcheka mzee mwenye mguu unaooza halifai kuulizwa swali la mgonjwa hata lisilo na picha.

Lile la Facebook: usimkubalie. Hakuna ubaya kwake kukupenda, ila orodha yako ya marafiki inaweza kuonekana na wengine, na watu watajiuliza mmejuana wapi. Mkikutana mwambie tu kwamba huwa hupokei wagonjwa huko, na umuulize anaendeleaje kama yuko peke yake. Akikusalimia mbele ya watu, msubiri yeye aseme alikujulia wapi.

Niandikie baada ya Jumanne. Usiniandikie mzee alisema nini, hayo ni yake. Niambie tu kama ulimwambia.